Kuhesabu Vumbi la Maua

Mvua kubwa ikianza kunyesha Nyamirambo, hapa Kigali, sisi wa Kimisagara huisikia kabla haijatufikia. Ruhurura ya Mpazi, mfereji wa maji ya mvua, hunguruma kwanza. Kisha maji mekundu hushuka na kila kilichoachwa wazi huko juu: ndala, chupa, magunzi ya mahindi, mchanga wa mtu aliyekuwa akijenga. Asubuhi yake maji yameshateremka bondeni Nyabugogo, na ukingoni kumebaki tope. Mimi huenda kulitazama. Mama mmoja anayeuza mkaa karibu na hapo aliwahi kuniuliza, "Baba, umepoteza nini humo?" Nikamjibu kwamba nasoma tarehe. Akacheka, akarudi kwenye ndoo yake ya mkaa.

Tarehe zimo, hata hivyo. Pale ambapo ukingo haujajengewa mawe na maji yameumega wima, tope linajionyesha kwa matabaka: mchanga wa chenga, udongo laini, tena mchanga, kisha mstari mweusi wa majivu. Katika matabaka ya chini mifuko ya plastiki imejikunja kama matambara, mingi. Ukipanda juu inapungua, hadi unaitafuta kwa macho. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa sheria ya mwaka 2008. Basi hata asiyewahi kushika kitabu cha jiolojia anaweza kuweka kidole kwenye ukingo huo na kusema: hapa chini ni kabla ya sheria, hapa juu ni baada yake.

Halafu unauona mfuko mmoja mweusi, peke yake, karibu kabisa na uso wa ardhi. Uliingizwa kwa magendo? Au maji yaliufukua kutoka jalala la zamani huko mlimani, yakaulaza juu ya tope jipya? Hapo kidole kinaondoka ukingoni. Kwa watu wanaosoma umri wa mashapo kwa kutumia chavua, hapo ndipo kazi inapoanza. Nimefuatilia habari za kazi yao kwa miaka, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyoona kwamba nusu ya ufundi wao ni kukataa kudanganywa na mfuko mmoja.

Chavua ni ule unga wa maua unaokuachia rangi ya njano shatini ukipita shambani mahindi yakiwa yametoa mbelewele. Chembe moja ni ndogo mno. Nyingi zina upana wa kati ya maikroni 10 na 100, na unywele wa binadamu una unene wa kama 70. Ndani ya chembe mna uhai wa siku chache tu. Ganda lake ni habari nyingine. Limejengwa kwa kitu kinachoitwa sporopolenini, ambacho ni miongoni mwa vitu vigumu kuharibika kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa na kiumbe hai. Tindikali zinazoyeyusha jiwe haziliwezi. Adui zake ni hewa na ukungu, kwa hiyo chembe iliyoangukia barabarani itapotea, lakini iliyozama katika kinamasi, mahali ambapo maji yameziba pumzi ya udongo, inaweza kukaa humo miaka elfu kumi na bado ikawa na miiba na matundu yake yote, kama iliyotoka uani leo.

Na kila aina ya mmea, au angalau kila ukoo, una ganda la sura yake. Miti ya podo ina chavua yenye vifuko viwili vya hewa ubavuni, kama masikio. Jamii ya erika, vile vichaka vya baridi vinavyoota juu ya milima, hutoa chembe nnenne zilizoshikana. Majani ya nyasi hutofautiana sana machoni petu, ila chavua zao zote ni mipira laini yenye tundu moja. Msweden Lennart von Post alipohutubia mjini Kristiania, ambao leo ni Oslo, mwaka 1916, alionyesha kwamba ukihesabu chembe hizo tabaka kwa tabaka na kuchora idadi zake, unapata historia ya misitu iliyokuwa juu ya kinamasi. Kwamba tabaka la chini ni la kale kuliko lililo juu yake, hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa na Nicolas Steno tangu 1669. Lakini kabla ya von Post ilikuwa vigumu kulifanya tope jeusi, lisilo na mfupa wala kombe, liseme.

Ukimleta fundi wa chavua hapa Mpazi na zana zake zote, nadhani atatazama, atashukuru kwa chai, na hatachimba. Ruhurura hii inachanganya. Inaokota udongo wa kale wa mtelemko, inaukoroga na wa jana, inautua popote nguvu za maji zinapoishia. Bonde la Nyabugogo nalo limechimbwa udongo wa matofali na kupandwa mboga kwa muda mrefu. Fundi anatafuta mahali pa wavivu: shimo la asili lenye maji yaliyotulia, lisilo na mto mkali wa kuliingilia, ambamo mimea imekufa papo hapo na kulala juu ya wazee wake bila kusumbuliwa. Mahali kama Kamiranzovu, katikati ya msitu wa Nyungwe, kwenye kimo cha karibu mita 1,950. Jina lenyewe kwa Kinyarwanda ni la kitu kinachomeza tembo. Au Kashiru, upande wa pili wa mpaka, kwenye mgongo wa milima wa Burundi unaogawa maji ya Kongo na Nile. Udongo wa huko ni ule tunaouita nyiramugengeri: mimea isiyooza kikamilifu, myeusi, mizito kwa maji, ambayo ikikaushwa inawaka. Huko Gishoma, wilaya ya Rusizi, imejengwa mitambo ya kuzalisha umeme kwa kuichoma. Sina ugomvi na umeme, na haya naandika chini ya taa. Ila kila nikilipita gari lililobeba nyiramugengeri huwa nafikiri ni kurasa ngapi zinakwenda jikoni.

Kuchimba kwenyewe ni kazi ya mikono na mgongo. Chombo kinachopendwa kwa udongo wa namna hii huitwa cha Kirusi: nusu bomba la chuma, lenye urefu wa nusu mita hivi, na bamba la kulifunika. Kinasukumwa kikiwa kimefungwa mpaka kina kinachotakiwa, kisha kinazungushwa nusu duara. Makali yanakata udongo na kuubana dhidi ya bamba. Kinavutwa juu na watu wawili au watatu waliosimama kwenye mbao ili wasimezwe kama tembo wa hadithi. Kikifunguliwa, mche wa udongo umelala humo kama mche wa sabuni ya kufulia, ukiwa na rangi ambazo hazijaona mwanga tangu zilipofunikwa. Rangi hizo zinabadilika mbele ya macho, kwa kuwa hewa inaanza kazi yake mara moja. Kwa hiyo kuna mtu ambaye kazi yake ni kuandika haraka: hapa kahawia, hapa mzizi, hapa udongo wa kijivu, hapa mkaa. Nusu mita inayofuata haichimbwi kwenye tundu lilelile. Ncha ya chombo imeshauvuruga udongo wa chini yake. Inachimbwa kwenye tundu la pili hapo kando, kisha kurudi la kwanza, vipande vikipishana kidogo ili visiache pengo. Kila kipande kinafungwa kwa nailoni na kuandikwa juu ni wapi na chini ni wapi. Ukigeuza kipande kimoja kwa uchovu wa jioni, umegeuza karne kadhaa.

Maabara ndiyo sehemu inayonitisha. Fundi anachukua kipande kidogo, sentimita moja ya ujazo, na kukiondolea kila kitu kisicho chavua. Anakichemsha kwa magadi makali, anakichuja, anakitia tindikali ya kuondoa chokaa. Kisha inakuja tindikali ya haidrofloriki, inayoyeyusha mchanga na hata kioo. Tone lake likigusa ngozi linaweza lisiume wakati uleule, huku linapenya kutafuta kalisi ya mfupa. Watu huishika ndani ya kabati la kuvuta hewa, wamevaa glavu mbili na aproni, wakiwa na dawa yake pembeni, na hawaongei. Mwishoni chavua inaoshwa kwa mchanganyiko mwingine wa tindikali uliobuniwa na Gunnar Erdtman, naye Msweden, ili ganda lionekane safi hadi nakshi zake.

Kuna hila moja katika hatua hizi ambayo naipenda kuliko zote. Kabla ya kuanza kuosha, fundi anadondosha ndani ya sampuli kidonge chenye spora, yaani chembe za uzazi, za mmea wa kigeni, idadi yake ikiwa inajulikana. Tuseme 10,000. Akifika kwenye hadubini na kuhesabu chavua 300, katika eneo hilohilo akakuta spora 100 za kidonge, anajua kwamba ameona moja ya mia ya alizotia. Kwa hiyo sampuli nzima ilikuwa na chavua kama 30,000. Upotevu wote wa kumimina na kuchuja umejisahihisha wenyewe. Ni akili ya mfugaji anayechanganya ng'ombe mia wenye alama katika kundi asiloweza kulihesabu.

Kisha anakaa kwenye kiti.

Sijui namna ya kueleza kukaa huko bila kumchosha msomaji, ilhali ndiko kazi yenyewe. Hadubini inakuza mara 400, na penye shaka mara 1,000 kwa tone la mafuta. Kioo kinasogezwa mstari kwa mstari, kama mtu anayepalilia, ili chembe isihesabiwe mara mbili wala isirukwe. Nyasi. Nyasi. Mafunjo. Nyasi. Podo. Chembe iliyojikunja, izungushwe kwa kusukuma kioo kwa ncha ya kalamu. Mafunjo. Chavua 300, mara nyingi 500, kwa sampuli moja, na mche wa mita kumi unaweza kuwa na sampuli mia. Zile asizozitambua haziachwi: zinaingia safu ya mwisho, zimechorwa na kupimwa, zikisubiri mtu atakayezijua. Kwa mimea ya kwetu watu walikuwa na pachache pa kuangalia mpaka Raymonde Bonnefille na Guy Riollet, Wafaransa wawili, walipotoa mwaka 1980 kitabu cha picha za chavua za savana za Afrika Mashariki. Kabla ya hapo mara nyingi ilibidi mtu akwee mwenyewe, achume ua, aliandae kwenye kioo, ndipo arudi kwenye tope.

Tazama mkaratusi, au inturusu kama tunavyoiita hapa. Umeujaza Mlima Kigali na kila kilima unachokiona kutoka Kimisagara, kiasi kwamba mtoto hudhani uliumbwa pamoja na vilima. Ni mgeni kutoka Australia. Uliletwa Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20, karibu na wakati Mjerumani Richard Kandt alipoweka kituo chake cha Kigali mwaka 1907, na kufikia miaka ya 1930 ulikuwa ukijaribiwa kwa aina nyingi katika shamba la miti la Ruhande, Huye. Kwa hiyo katika kinamasi chochote cha nchi hii, tabaka ambamo chavua ya mkaratusi inatokea kwa mara ya kwanza haliwezi kuwa la karne ya 19. Ni alama ya tarehe iliyopandwa na watu bila kukusudia, kama mifuko ya Mpazi.

Lakini chembe yake ni pembetatu, na ukoo wake wote ni wa pembetatu: mpera, mzambarau, mkarafuu wa Unguja na Pemba, pamoja na miti ya asili ya jamii ya mzambarau ambayo inaota pembezoni mwa vinamasi vya Nyungwe tangu kale. Anayetaka kuitumia alama hii lazima atofautishe mgeni na ndugu zake wenyeji kwa unene wa ukuta na umbo la pembe, kwenye kitu cha maikroni ishirini na kitu. Mara nyingine anashindwa. Akishindwa anaandika jina la ukoo tu na kusonga mbele, na tarehe aliyokuwa akiitamani inampita.

Mtama na ulezi navyo vinamnyima fundi alama. Ni nyasi, na chavua yao haijitengi vizuri na ya nyasi za porini, kwa hiyo shamba la kale la mtama kilimani linaonekana kama malisho. Mahindi ndiyo yanayojitangaza kwa ukubwa wa chembe zao, lakini mahindi ni ya juzi, kutoka Amerika. Mgomba ndio usiosema kabisa: migomba ya kulimwa haina chavua ya kutosha kuacha alama. Inaacha vijiwe vidogo vya silika kutoka kwenye majani yake, na kumbuka ni tindikali gani iliyotumika kusafisha sampuli. Ileile inayosafisha chavua inavifuta vijiwe. Atakayeutafuta mgomba lazima akate kipande kingine na kuanza upya kwa njia nyingine.

Sasa, umri. Watu wengi hudhani chavua ina tarehe ndani yake. Haina. Chavua ya podo ya jana na ya miaka 30,000 iliyopita ni ndugu pacha. Inachoweza kusema ni nani walikuwa majirani zake, na tarehe inaombwa kwingine: kwa kaboni ya mionzi, ambayo nusu yake huisha kila miaka 5,730 na inayoweza kutumika hadi kama miaka 50,000. Hata hapo kuna mtego. Mizizi ya mafunjo huchimba chini na kupeleka kaboni mpya ndani ya udongo wa kale, hivyo tabaka linajifanya kijana. Fundi makini hapeleki tope zima kupimwa. Anatafuta mbegu au kipande cha jani kilichoanguka, akikiokota kwa koleo ndogo chini ya lenzi.

Vikishaungana, chavua na kaboni, kinachotoka ni kikubwa kuliko vyote viwili. Kutoka mche wa Kashiru, Bonnefille na wenzake walichapisha mwaka 1990 makadirio ya miaka 40,000 ya joto na mvua: kwamba wakati barafu ilipotanda Ulaya, milima yetu hii ilikuwa na baridi zaidi ya leo kwa kama nyuzi 4, na mvua pungufu kwa karibu asilimia 30. Erika na nyasi vilishuka vikachukua nafasi ya msitu. Kisha, kama miaka 12,000 iliyopita, miti inarudi katika michoro, Burundi kama ilivyo kwenye mashapo ya Ziwa Victoria ambayo Robert Kendall aliyahesabu na kuyachapisha mwaka 1969. Na katika miaka 2,000 hivi ya mwisho, kwenye nyanda za juu za Rwanda, Burundi na Kigezi ya Uganda, mstari wa msitu unaanguka tena, nyasi na miti ya vichakani inapanda, mkaa unaongezeka. Safari hii baridi haikuhusika. Ni jembe, na tanuri za wafua chuma.

Mara mchoro mmoja ukishapewa tarehe, mwingine usio na tarehe unaweza kulazwa kando yake, anguko kwa anguko. Kwa miamba ya kale sana hiyo ndiyo njia kuu. Kule Maji ya Chumvi, bara ya Mombasa, kuna mawe ya tope na mchanga yasiyo na majivu ya volkano ya kupimwa kwa urahisi. Yalipewa nafasi yake kutokana na chavua na spora zilizomo, nyingi zikiwa na mabawa na milia ya mimea iliyokwisha kutoweka, aina zinazojulikana mahali pengine duniani kuwa za mwisho wa kipindi cha Pemi na mwanzo wa kile cha Triasi, miaka milioni 252 hivi iliyopita. Wachimba mafuta nao, wa Bonde la Albertine nchini Uganda na kwingineko, hutazama hata rangi ya chembe. Ganda likipikwa na joto la ardhini hutoka njano, likawa kama andazi lililoiva, kisha kahawia, kisha jeusi. Kwa rangi hiyo wanajua kama jiwe limefikia joto la kutoa mafuta au limeungua.

Chini ya nyumba yangu njia hii inagonga mwamba, kwa maana zote mbili. Mlima Kigali ni kwatsaiti na mabamba ya shisti, yaliyokuwa mchanga na tope zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kabla ya kuwapo ua, mti wala jani lolote nchi kavu. Matabaka yanaonekana, yameinama kama vitabu vilivyoegemezwa ukutani, ila hakuna chavua ya kuhesabu. Mafundi wa Kimisagara wanaokata mtelemko ili kupata uwanja wa nyumba hupita kwenye mpaka huo kwa sururu: juu udongo mwekundu wenye mizizi na vigae, chini jiwe. Kiganja kimoja kinaweza kugusa vyote viwili, na katikati ya vidole hakuna kurasa za miaka bilioni.

Wiki iliyopita nilikwenda tena ukingoni. Mama wa mkaa alikuwa hana wateja, akaja kusimama nami. Nikamwonyesha mfuko ule mweusi wa juu, nikamweleza mashaka yangu. Aliuinamia, akaushika pembe.

"Huu? Huu ulikuwa na mbegu za maharage za marehemu mama mkwe. Ulikuwa juu ya dari miaka yote. Tulipobomoa jiko ndipo tukautupa."

"Mlibomoa lini, mama?"

"Mwezi jana. Kabla ya mvua ile ya Jumapili."

Nikatoa daftari nikaandika.